Shamba la Sita Lilisema Imefika

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha simu, nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Saa bado inatembea. Hotuba ilisimama katikati, kwa sababu msemaji alisahau jina langu. Ninyi vijana mliobaki mle ndani mliniomba niwaandikie mambo ya zamani, na kwa kuwa hapa Mabawa mchana umekuwa mrefu na sina wa kumpigia kengele, nimekaa kuandika.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza jinsi tulivyokuwa, miaka ya hamsini, tukipeleka maagizo ya mashine katika mashamba sita ya mkonge kwa waya mmoja, na jinsi alama niliyoitia mimi katika kitabu ilivyomfanya mdogo wangu Yakobo asirudi nyumbani. Nalitaja mapema ili msije mkadhani ni mzaha mtupu. Mzaha utakuwepo. Kazi yenyewe ilikuwa nao tele.

Nilishuka kutoka milimani Usambara na cheti cha darasa la sita cha misheni na koti zito la baridi. Cheti kilinipatia kazi, koti lilinipatia vicheko. Aliyenipokea alikuwa Fundi Bakari, mwenyeji wa Makorora, mtu mwembamba mwenye kofia ya viua na ulimi mkali.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umetoka mlimani."

"Umejuaje, Fundi?"

"Koti limetangulia kusema. Haya, livue, chukua ndoo ile, nenda nyuma ukamwagilie chuma."

Nyuma ya ofisi palikuwa na nondo imechomoza ardhini kama shubiri moja. Nilidhani nafanyiwa mzaha wa mgeni. Nikamwagilia hata hivyo, nikarudi na kumwuliza, ili nami nionekane si mjinga, kama chuma kile kitazaa mwaka huu au mwaka ujao.

"Kikikauka kile," alisema Bakari, "utakuwa unaongea na ukuta."

Akanieleza. Siku hizo hatukuwa na nyaya mbili kama nyinyi. Waya mmoja ulikwenda, na umeme ulirudi kwa njia ya ardhi. Ardhi kavu hairudishi kitu. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na nondo yake, na kila karani wa simu alipaswa kuimwagilia kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Shamba la Tatu watu walimwona karani wao akimwagilia chuma siku baada ya siku, wakamwandikia meneja barua kwamba bwana yule ameingiliwa na jambo. Karani wa Shamba la Nne alikuwa na akili zaidi. Alipanda mchicha kuizunguka nondo yake. Watu wakaona anamwagilia mchicha, wakanyamaza, na Bakari alisema ile ndiyo ardhi bora kuliko zote katika laini.

Laini yenyewe ilitoka Tanga, ikafuata barabara hadi Muheza, na pale ikagawanyika mikono miwili kuingia mkongeni. Mkono mmoja ulikuwa na Shamba la Kwanza, la Pili na la Tatu. Mkono wa pili ulikuwa na la Nne, la Tano na, mwisho kabisa, la Sita. Kila shamba lilikuwa na mlio wake. La Kwanza mlio mrefu mmoja, la Pili mrefu na mfupi, na kuendelea hivyo hadi la Sita, ambalo liliitwa kwa milio mirefu mitatu. Ukisokota mkono wa simu Tanga, kengele ililia kote kwa pamoja, na aliyeitwa ndiye aliyetakiwa kuinua.

Aliyetakiwa, nasema. Waliinua wote. Mashamba yalikuwa mapweke, magazeti yalifika yakiwa yamefungiwa sabuni, na simu ndiyo iliyokuwa baraza. Ukimwita karani wa Shamba la Sita kumweleza habari za boila, ulisikia tiki, tiki, tiki, wenzake wakiinua mmoja mmoja, wengine wakitafuna. Kila anayeinua anakunywa sauti kidogo. Wa Shamba la Kwanza alisikia kila neno, hata lisilomhusu. Wa Shamba la Sita, mwenye shida na maneno, alipata masazo.

Tena hawakuwa watu wa kukuambia kwamba hawasikii. Ofisi ya Tanga ni ofisi ya wakubwa. Ukimwambia mkubwa "sikukusikia" mara ya kwanza, ni bahati mbaya. Mara ya pili, ni uzembe. Mara ya tatu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kila karani alijua jibu la kistaarabu, nalo ni "Imefika, bwana." Lilisemwa haraka, mara nyingi kabla agizo halijaisha.

Mkubwa wetu alikuwa injinia wa kizungu ambaye watu walimwita Bwana Waraka. Hakuweza kuona mashine bila kuiandikia waraka. Aliamini kwamba kilichoandikwa Tanga asubuhi kimetendwa kote jioni, na sisi wa simu ndio tuliobeba imani hiyo mabegani.

Waraka wa kwanza nilioutuma peke yangu ulihusu kofia. Ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema wafanyakazi wote wavue kofia. Wa pili ulisema: wawapo karibu na mikanda ya mashine. Nikausoma kwenye simu, mashamba sita yakajibu "Imefika", nikatia alama sita, nikajiona mtu. Ijumaa yake, mnyapara wa Shamba la Tano alisimama mlangoni pa msikiti akakusanya kofia za waumini katika gunia, kwa amri ya Tanga. Karani wake alikuwa amepata mstari wa kwanza tu. Ilibidi meneja aende mwenyewe kurudisha kofia, na hakuna aliyepata yake.

Bakari alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akanifundisha kazi.

"Sikiliza, mtoto wa mlimani. Anza na wa mbali, si wa karibu. Wa karibu atadukua tu, huna haja ya kumwita. Mimi nikiwa Muheza, nitaukata mkono mmoja kwa swichi, wanywaji wapungue. Waliobaki waambie watue simu, uwasikie wakitua. Halafu toa maneno matano matano. Ukimaliza, usiulize kama imefika."

"Niulize nini?"

"Usiulize. Mwambie akusomee. Na aanze na mstari wa mwisho."

"Kwa nini wa mwisho, Fundi?"

"Kwa sababu wa kwanza kila mwongo anaujua."

Hiyo ndiyo elimu yote niliyoipata katika kazi hii. Mengine ni kubadilisha betri, kufukuza siafu kwenye masanduku ya swichi, na kutafuta waya uliokatwa ukageuzwa bangili. Kwa miaka kadhaa nilifanya alivyosema. Kusomewa kulichukua muda. Bwana Waraka alikuwa akipita mlangoni na kuuliza kwa nini naendesha darasa la watu wazima.

Mdogo wangu Yakobo alishuka mlimani baada yangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi, na ilipatikana Shamba la Sita, kwenye korona, ile mashine inayosaga jani la mkonge na kubakiza singa. Ndani ya korona kuna magurudumu yenye visu, na singa hujisokota humo. Kabla mashine haijawashwa, mtu huingiza mikono na kichwa akazitoa. Yakobo alikuwa mwembamba, kwa hiyo aliteuliwa yeye. Jumapili baada ya ibada alikuwa akimbembeleza karani wao, Alfredi, Mkatoliki mpole kutoka Songea, amwachie simu dakika mbili.

"Kaka Elia! Mjini mnakula?"

"Tunakula. Sema taratibu, wenzako wanasikiliza."

"Wasikilize. Shikamooni nyote!" Na kweli, nilisikia sauti mbili tatu zikiitikia marahaba, kisha zikanyamaza kwa aibu. "Kaka, mwambie huyo Bwana wenu apunguze nyaraka. Nyinyi mnatuma maneno, sisi tunayatia mikono."

Chumba cha injini kilikuwa upande wa pili wa ukuta, na dereva wa injini hakuiona korona. Aliongozwa na kengele. Kengele moja ilimwambia tulia, watu wamo ndani. Mbili zilimwambia washa. Mnyapara hakumruhusu mtu aingize mkono kabla ya kugonga ile moja. Mashamba yote sita yalifuata hivyo, na ilikuwa lazima yafanane, kwa sababu madereva walihamishwa huku na huku wanapougua.

Bwana Waraka akaletewa mashine mpya, na kitabu cha mashine kikasema kinyume. Moja ni kuwasha, mbili ni kutulia. Mtu mwingine angebadilisha kitabu. Yeye alibadilisha mashamba. Waraka ulikuwa na mistari minne, na wa mwisho ulisema kwamba mpango mpya unaanza Jumatatu asubuhi mahali pote kwa pamoja.

Uliniangukia Jumamosi. Bakari alikuwa juu ya nguzo Shamba la Pili, anakaza waya uliolegea. Angeweza kufika Muheza alasiri akaukata mkono wa kwanza. Nilimwambia Bwana Waraka tumsubiri.

"Hapana subiri," alisema. Kiswahili chake kilikuwa na mguu mmoja, lakini kilitembea. "Mimi nataka ona yote tayari. Wewe piga sasa, pesi pesi." Akasimama nyuma ya kiti changu, kofia mkononi. Alikuwa na mchezo wa tenisi.

Nikaanza na wa mbali, kama nilivyofundishwa. Milio mirefu mitatu. Alfredi akainua. Tiki, tiki, tiki, tiki. Wote walikuwa barazani. Nikawaomba watue, wakatua wawili.

"Alfredi, andika. Mstari wa kwanza. Agizo jipya la kengele za korona."

"Nimeandika, kaka. Sauti iko mbali."

Nikasoma wa pili. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa kupiga kelele, na Bwana Waraka akapumua kwa nguvu juu ya kichwa changu. Nikasoma wa tatu. Akaniomba nirudie.

"Nini huyu mtu?" aliuliza Bwana Waraka. "Yeye kiziwi?"

Aliiuliza karibu na simu. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo sentensi iliyosafiri vizuri kuliko zote siku ile. Nikausoma wa nne.

"Imefika, bwana," alisema Alfredi. Alimwambia yeye, si mimi.

Nilifungua mdomo nimwambie anisomee. Mkono wenye kofia ukanyooka juu ya bega langu, kidole kikagusa kitabu. "Basi. Andika."

Nikaandika. Nilijua haijafika. Sikudhani, sikushuku. Nilijua, kama unavyojua kwamba mlango hukuufunga. Nilijiambia kwamba Jumatatu nakala ya waraka ingepelekwa na lori, na kwamba huko Shamba la Sita hata wasipobadilisha watakuwa na utaratibu wao wa zamani, hakuna atakayeumia. Mashamba matano mengine yalinisomea mistari yote minne, kwa sababu Bwana Waraka alikuwa ameshakwenda kwenye tenisi. Kwamba naye Alfredi ningeweza kumpigia tena baada ya hapo, nalo nilijua. Nilikuwa na njaa, nikafunga ofisi.

Jumatatu asubuhi dereva wa injini wa Shamba la Sita aliamka na homa. Wakaazima dereva kutoka Shamba la Tatu, mtu makini, ambaye Jumapili nzima alikuwa amefundishwa kengele mpya. Mnyapara akagonga moja, kama siku zote. Yakobo akainama akaingia. Upande wa pili wa ukuta, mtu makini akasikia kengele moja, akawasha.

Walimpakia kwenye gari kumpeleka hospitali. Hakufika Muheza. Habari niliipokea mimi mwenyewe, kwa simu ile ile. Alfredi alinitajia jina, nikamwambia arudie, akarudia. Sauti siku hiyo ilikuwa safi kabisa. Hakuna aliyeinua.

Uchunguzi ulifanywa ofisini na mabwana watatu, Bwana Waraka akiwa wa pembeni. Kitabu kiliwekwa mezani. Kilikuwa kitabu kizuri. Tarehe, saa, shamba, Imefika, na sahihi yangu.

"Karani alikiri amepokea," alisema mmoja wao.

"Alisema hivyo," nilijibu. "Lakini hakunisomea, na nilijua hakusikia. Niliandika nikijua."

"Kitabu kinasema Imefika."

"Kitabu ni mimi niliyekiandika, bwana."

"Nani alikuruhusu kuandika kitu usichokuwa na hakika nacho?"

Nikamtazama Bwana Waraka. Naye alitazama dirishani, nje, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Alikuwa amesimama nyuma yangu," nilisema. "Alisema, basi, andika."

Wakanong'onezana. Kisha wakaandika, nami nilisomewa, kwamba mwendesha simu amefiwa na nduguye na hivyo kumbukumbu zake haziwezi kutegemewa. Nilikwenda pale kujishtaki nikaambiwa pole. Katika kitabu hapakuwa na safu ya kuandikia kwamba mtu amesomewa au hakusomewa, kwa hiyo mbele ya sheria jambo hilo halikuwahi kutokea. Alfredi aliachishwa kazi.

Alipitia Tanga akielekea kwao, na sanduku la mbao kichwani. Nilimpeleka stendi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi.

"Kaka Elia," alisema kabla sijaanza, "niliuliza mara mbili."

"Uliuliza."

"Ningeuliza ya tatu, na bwana anasikia?"

Nilipaswa kumjibu ndiyo, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa karibu zaidi na huyo bwana, na sikuuliza hata ya kwanza.

Wiki iliyofuata Bwana Waraka alitoa waraka wa kuwataka makarani wote kusikiliza kwa uangalifu. Nilipewa niutume. Karani mpya wa Shamba la Sita alisema, "Imefika, bwana."

"Nisomee," nilisema. "Anza na mstari wa mwisho."

Bwana Waraka alikuwa mlangoni. Akasimama, akangoja pamoja nami hadi yule karani alipousoma wote, akaondoka. Mchana ule nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikachora safu mpya pembeni mwa kila ukurasa, nikaandika juu yake: Imerudi. Hakuna aliyeniagiza na hakuna aliyenikataza. Bakari aliiona, akaitazama kwa muda.

"Mstari umepinda," alisema. Kisha akachukua rula akanichorea kurasa zilizobaki.

Bakari alifariki akiwa ameshastaafu, nyumbani kwake Makorora, na nilimzika nikiwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Bwana Waraka alirudi kwao kabla bendera haijabadilishwa. Waya mmoja ukawa miwili, nondo zikaachwa, na mchicha wa Shamba la Nne nadhani ulikufa. Nyinyi mna mashine zenye taa ya kijani inayowaka ujumbe ukifika. Msiichukie taa. Lakini muulizeni anayeiwasha amepata mstari gani.

Kuna jambo nililiruka huko juu, na nikiliacha nitakuwa nimewaandikia kitabu kama kile.

Baada ya mazishi ya Yakobo nilipanda mlimani kwa mama. Watu walikuwa wamemwambia tayari kwamba ni ajali ya mashine. Wangeliishia hapo, na kila mtu kijijini alitaka liishie hapo. Mchungaji mwenyewe alinivuta kando akaniambia mama amechoka. Nilimkuta jikoni, anamenya viazi. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote: kengele, waraka, tenisi, Alfredi, kidole juu ya kitabu. Mama hakuwa amewahi kuiona simu. Nilimweleza hata simu ni nini. Alimenya tu, hakuinua macho, na nilipomaliza sikujua kama amenisikia. Sikuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Akaweka kisu chini.

"Umesema ulikuwa na njaa, ukafunga," alisema. "Umesema ungeweza kumwita tena. Umesema bwana alikuonyesha kidole, ukaandika. Umesema ulijua yule mtu hakusikia." Alikwenda hivyo, nyumanyuma, jambo kwa jambo, bila kuacha hata moja, mpaka akafika mwanzoni. "Umesema ni wewe uliyemwombea kazi."

"Ndiyo, mama."

Alichukua kiazi kingine.

"Imefika," alisema. "Sasa katie maji kwenye sufuria, tule."